Watoto wetu wanasoma maneno wasiyoyajua

LEO napenda tuzungumze, wazazi wenzangu, juu ya jambo ambalo aghalabu halisemwi mimbarini wala katika vikao vya wazazi shuleni. Nalo ni uchache wa maneno walio nao watoto wetu wa madarasa ya chini, kuanzia la kwanza hadi la nne. Sikusudii adabu ya ulimi, ambayo imekwisha kusemwa sana na wanaojua kuliko mimi. Nakusudia msamiati wenyewe: ni maneno mangapi mtoto anayajua, na anayajua kwa kina gani.

Mchukue mtoto wa darasa la tatu, mpe kitabu, umwambie asome kwa sauti sentensi kama hii: mkulima alipalilia shamba lake kabla magugu hayajakomaa. Ataisoma vizuri, bila kigugumizi, nawe utafurahi na kumsifu. Sasa kifunge kitabu umuulize, kupalilia ni kufanya nini? Magugu ni nini? Nimekuwa nikiwauliza maswali ya namna hii watoto wanaokuja madrasa jioni wakitoka shule. Mmoja aliniambia kuwa kupalilia ni kupaka rangi. Mwingine akasema magugu ni wadudu. Wote wawili walikuwa wameisoma sentensi ile pasina kosa hata moja.

Hali hii ina sababu yake, na sababu hiyo imo katika lugha yetu wenyewe. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi mno. Mtoto akishazishika silabi, basi anaweza kulitamka neno lolote lile, hata lile ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Hii ni neema ambayo watoto wa Kiingereza hawanayo, kwani wao huhangaika miaka na herufi zisizotamkwa kama zilivyoandikwa. Lakini neema hii inatuficha jambo. Mtoto wa Kiingereza akikutana na neno geni, mara nyingi hukwama, na mwalimu akamwona amekwama. Wa kwetu hakwami. Analipita neno geni kwa kasi ile ile anayopitia neno analolijua, na sisi tuliokaa pembeni tukisikiliza tunadhani amefahamu.

Watu wa madrasa tunaifahamu hali hii kuliko wengine. Mtoto wa miaka saba humaliza Juzuu Amma kwa tajwidi nzuri, ilhali haijui maana ya aya hata moja. Huko tuna udhuru, kwa kuwa kisomo kile chenyewe ni ibada yenye thawabu zake, na lugha ile kwake ni ngeni. Lakini kitabu cha Sayansi cha darasa la nne hakisomwi kwa kutafuta thawabu za matamshi. Kinasomwa ili kifahamike, na kimeandikwa kwa lugha anayoizungumza mtoto nyumbani kwao.

Katika miaka ya hivi karibuni nchi yetu imeshughulika sana na suala la watoto kutojua kusoma. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kufanyika hapa Tanzania mwaka 2010, zilionyesha kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambao wengi tunauita KKK. Ni hatua njema na waliosimamia wanastahiki shukrani. Walakini mtaala, hata uwe mzuri namna gani, unapata taabu kumfundisha mtoto kusoma neno kwa ufahamu ikiwa neno hilo halijawahi kupita masikioni mwake. Na masikio ya mtoto kabla hajafikisha miaka saba si ya mwalimu. Ni yetu sisi wazazi.

Basi hebu tujisikilize. Mtoto wa leo husikia nini kutoka kwa baba na mama yake kutwa nzima? Njoo. Kaa. Nyamaza. Umekula? Kaoge. Nipe hiyo. Weka pale. Niletee kile kidude. Ukiyahesabu maneno haya hayafiki hamsini, na yanarudiwa jana, leo na kesho. Baba anarudi usiku amechoka, simu iko mkononi. Mama naye ana shughuli zake. Mtoto anakabidhiwa televisheni imlee, nayo inasema sana, lakini haimsikilizi wala haimrekebishi, na akiiuliza haijibu.

Neno hilo "kidude" ndilo linalonisumbua zaidi. Jikoni petu pwani mna utajiri wa maneno ambao mtu wa lugha nyingine angeulipia. Tunda la mnazi pekee huanza likiwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, hata likafikia kuwa nazi. Nazi ikivunjwa hukunwa kwa mbuzi, ikachujwa kwa kifumbu, likatoka tui zito na tui jepesi, pakabaki chicha na vifuu. Mama aliyepika wali wa nazi mbele ya mwanawe huku akivitaja vitu hivi kwa majina yake amemfundisha mtoto maneno kumi bila ya kufungua daftari. Mama aliyesema "niletee kile kidude cha kukunia" amepika wali ule ule, na mtoto hakuondoka na chochote. Wako watoto wa mjini, tena waliozaliwa katika nyumba za watu wa pwani, wanaodhani kuwa mbuzi ni mnyama tu.

Vitenzi navyo vinakufa vivyo hivyo. Siku hizi kila kitu "kinabebwa". Lakini mtoto mchanga hupakatwa mapajani na huelekwa mgongoni, mzigo hutwikwa kichwani, na mtu mwenye mzigo mwingi akasaidiwa kuutua. Mtoto anayejua kubeba peke yake hajakosa neno tu. Amekosa kuona kuwa vitendo hivyo ni tofauti. Akikutana navyo kitabuni, picha haimjii akilini.

Na liko jingine ambalo linatugusa moja kwa moja katika sharia. Watoto wetu sasa wana "anko" na "anti", basi. Ndugu wa baba ni anko, ndugu wa mama ni anko, na hata jirani mwenye gari ni anko. Sisi tulikuwa na ami, au baba mkubwa na baba mdogo kama wasemavyo bara, na tulikuwa na mjomba, kila mmoja na nafasi yake. Hili si pambo la lugha. Katika mirathi ami ni miongoni mwa asaba, na hurithi pale anapokosekana aliye karibu zaidi na maiti. Mjomba yumo katika dhawil arham, ambao urithi hauwafikii maadamu asaba yupo. Nimekaa katika vikao vya kugawa mirathi ambapo vijana wasomi, wenye shahada zao, walihitaji nusu saa kueleweshwa ni anko yupi anayezungumzwa. Kutoelewana kule kulianza walipokuwa na miaka mitano.

Wako watakaonijibu: Sheikh, sisi watoto wetu wanasoma shule za Kiingereza, na hata sekondari masomo ni ya Kiingereza, ya nini basi kidaka na kitale? Nawaelewa, na siwalaumu kwa kulipa ada. Kiingereza ni lugha ya manufaa na kuijua si dhambi. Ninachokipinga ni ile tabia ya mzazi ambaye Kiingereza chake mwenyewe ni cha kubahatisha kuacha kuzungumza Kiswahili na mwanawe, akampa Kiingereza cha maneno mia mbili. Mtoto huyo anapoteza pande zote mbili. Hapati Kiingereza, kwa sababu aliyemfundisha hanacho. Hapati Kiswahili, kwa sababu amenyimwa na mwenye nacho.

Tena neno la lugha ya pili hukaa vizuri juu ya jambo ambalo mtoto amekwisha kulijua kwa lugha ya kwanza. Chukua kuganda na kuyeyuka. Asubuhi ya kipupwe, mafuta ya nazi ndani ya chupa huganda yakawa meupe, na mama akiiweka chupa juani yakayeyuka. Mtoto aliyeonyeshwa jambo hilo na kuambiwa maneno yake mawili, atakapofika kwenye somo la hali za maada, kwa lugha yoyote ile, atakachotakiwa kujifunza ni jina jingine tu la kitu alichokiona kwao. Asiyeonyeshwa atajifunza vitu viwili kwa pamoja, kitu na jina lake, mbele ya mwalimu mwenye watoto mia moja darasani.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, walichapisha matokeo ya kuzifuatilia familia 42, wakihesabu maneno ambayo watoto wadogo walisemeshwa nyumbani. Walikuta tofauti kubwa kati ya familia na familia, na wakaihusisha tofauti hiyo na msamiati wa watoto wenyewe. Hesabu zao zimepingwa na wenzao baadaye, na mimi nami nina shaka na anayelinganisha malezi kwa kuhesabu maneno kama mtu ahesabuye magunia. Maana neno linalomwingia mtoto ni lile alilosemeshwa yeye, akalijibu, akarekebishwa, akalitumia tena kesho yake. Maneno elfu yaliyompita yakienda kwa watu wazima hayamfai sana.

Tunasoma katika Suratul Baqara, aya ya 31, kuwa jambo la kwanza alilofundishwa baba yetu Adam (A.S.) ni majina ya vitu vyote, na kwa elimu hiyo akadhihirishwa ubora wake mbele ya malaika. Mwenye kutaka hoja ya kwamba kumtajia mtoto jina la kitu ni elimu na si porojo, basi aizingatie aya hiyo.

Sasa mzazi afanye nini? Nasihi msianze na orodha. Nimewaona wazazi wenye nia njema wakiandika maneno ishirini kwenye karatasi na kumtaka mtoto ayakariri hadi Jumapili. Atayakariri, nasi tunajua vizuri watoto wetu walivyo hodari wa kukariri, na Jumatatu yatakuwa yamekwisha kuruka. Neno halitulii kwa kusikika mara moja. Linataka lirudi jikoni, lirudi njiani, lirudi katika hadithi ya usiku, kila mara likiwa na kazi ya kufanya.

Baba ambaye hana muda anao muda wa njiani. Kutoka nyumbani hadi msikitini kuna mambo ya kutaja: fundi anapiga lipu, seremala anapiga randa, mvuvi anatengeneza dema. Mtoto aulizwe, naye aachiwe aulize. Akikosea neno asichekwe, kwani mtoto aliyechekwa mara mbili hurudi kwenye "kile kidude" ambacho hakina hatari. Arudishiwe sentensi yake ikiwa imenyooka, mazungumzo yaendelee.

Bibi yuko wapi? Kama yuko nyumbani, huyo ni hazina. Vitendawili alivyokuwa akitega baada ya isha vilikuwa na kazi kubwa kuliko kuchekesha. Mtoto anayefikiri kwa nini yai linaitwa nyumba isiyo na mlango analigeuza neno upande huu na upande ule, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kujenga msamiati. Hadithi nazo, mtoto asiishie kusikiliza. Kesho yake aisimulie yeye, kwa mdogo wake au kwa mgeni, na neno lililompotea mtamsikia analitafuta. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya watoto vipo, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa hapa nchini mwaka 1991, umesaidia vingi kupatikana. Bei ya kitabu kimoja chembamba si kubwa kuliko vifurushi vya simu tunavyovimaliza bila kukumbuka tulizungumza nini.

Kwa walimu wenzangu wa madrasa nina ombi mahsusi, maana sisi tuna ufunguo ambao mwalimu wa shule hana. Maneno mengi ya Kiswahili yamekuja kwa familia nzima nzima kutoka Kiarabu. Mtoto aliye mbele yetu anajua darasa na madrasa, ila hajaambiwa kuwa ni ndugu, na kwamba kudurusu ni ndugu yao wa tatu. Anajua elimu na mwalimu, hajui kuwa mtaalamu na taaluma wametoka nyumba hiyo hiyo. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ukoo mmoja. Ukitumia dakika tano kabla ya kufunga darasa kuwaunganisha hawa, mtoto atakapolikuta neno geni lenye sura ya wale anaowajua, atajaribu kulikisia mwenyewe. Na ngazi hiyo ipo pia katika maneno ya Kibantu: lima, mkulima, kilimo, limika, limisha.

Kadhalika, dua fupi tunazowafundisha, ya kula, ya kulala, ya kuingia msikitini, tuwape na maana yake kwa Kiswahili kizuri, si kwa tafsiri ya kubabaisha, kisha siku ya pili tuwaulize maana kabla ya kuwauliza matamshi. Na kila madrasa inayoweza kununua zulia jipya inaweza kununua nakala moja ya kamusi ya Kiswahili. Iwekwe rafu moja na misahafu kwa heshima yake, lakini chini yake kidogo, mahali ambapo mkono wa mtoto wa darasa la pili unafika.