Daftari la Miti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwafaa wenye maduka, lakini wakulima wa Kitui na Makueni wanayo haja nayo zaidi. Mwenye mbuzi hujua idadi yao hata gizani, bali akiulizwa miti yake ni mingapi, hutazama shamba na kujibu, "Ni mingi." Neno "mingi" halilipwi fidia.

Nchi hiyo imekwisha kuona mambo. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Mwaka uliofuata ulianza ujenzi wa bwawa la Thwake, karibu na mahali Mto Thwake unapoingia Mto Athi. Kazi kubwa kama hizi hutwaa mashamba ya watu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mwenye ardhi alipwe fidia ya haki, naye hupaswa kupeleka madai yake kwa maandishi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi, kabla siku ya kusikiliza madai haijapita. Asiye na hesabu huanza kuhesabu wakati wenzake wamekwisha kuandika.

Kuhesabu miti si kazi ngumu. Kila mti hupewa namba, na katika daftari huandikwa jina lake, mwaka uliopandwa, hali yake, na hatua zake kutoka jiwe la mpaka. Kisha mzingo wa shina hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, kimo cha mita 1.3 kutoka chini, kama wafanyavyo mabwana misitu. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14, hupatikana kipenyo. Mukau wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha karibu sentimita 30. Huo si kuni. Ni mbao ambazo mchwa hawaziwezi. Mwenye kukijua kipimo hicho hadanganywi na mnunuzi ajaye na bei ya kuni. Kwa miembe na michungwa, huongezwa mavuno ya kila mwaka, maana thamani ya mti wa matunda haimo katika shina lake.

Daftari hilo lafaa pia kwa ujenzi. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi yataka mjenzi apate kwanza ruhusa ya kaunti. Mchoro wa kiwanja ukionyesha kila mti, nyumba yaweza kusogezwa hatua chache, mbuyu ukabaki na mizizi yake. Penye mchoro usio na miti, shoka hutangulia, na jamaa ya mwenye nyumba hukaa juani miaka mingi.

Shauri likiwa kubwa, ni vema kumwita mthamini aliyesajiliwa, au kuomba msaada wa afisa wa Shirika la Huduma za Misitu, kwa kuwa taarifa yenye sahihi ya mtaalamu ina uzito ofisini. Hata hivyo mtaalamu huhesabu miti aliyoikuta imesimama siku ile. Ule ulioangushwa jana na wapima njia hauoni. Shahidi wake ni daftari la mwenye shamba, lililoandikwa mapema, likatiwa tarehe, na kusainiwa na jirani wa mpakani.

Kazi yenyewe ni ya siku moja au mbili kila mwaka baada ya mvua, na gharama yake ni penseli.