Muhula wa Kwanza Huanzia Nyumbani

KILA mwaka, ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hujaa familia zilizokuja kuaga. Baba amevaa koti lake la sikukuu, mama anafuta machozi kwa upindo wa kanga, na katikati yao amesimama kijana wa miaka 19 au 20, mkononi ana bahasha yenye vyeti vyake. Anakwenda kusoma China, au Urusi, au India, au Algeria. Kijijini kwao amekwisha kuitwa daktari au mhandisi, ingawa hajaketi hata siku moja katika darasa la chuo kikuu.

Sisi tunawatakia heri vijana hao. Lakini heri peke yake haitoshi. Miezi minne au mitano ya mwanzo katika nchi ya kigeni ni mtihani mkubwa kuliko ule wa Kidato cha Sita, na wengi wao huufanya bila ya kufundishwa. Tunaizungumzia miezi hiyo leo kwa sababu moja: sehemu kubwa ya matokeo yake huamuliwa hapa hapa nchini, katika ofisi zetu na katika madarasa yetu.

Safari hizi si jambo jipya. Tulipopata Uhuru mwezi Desemba 1961, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa ndiyo kwanza kimefunguliwa mwezi Oktoba, katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, nao wote walisoma sheria. Taifa lililohitaji madaktari, wahandisi na mabwana shamba halikuwa na budi kuwapeleka vijana wake ng'ambo. Baadhi yao walikwenda Moscow, katika Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961.

Wenyeji wao walilifahamu jambo moja ambalo hata leo sisi hulisahau. Hawakumtupa kijana moja kwa moja katika masomo ya shahada. Walimweka kwanza katika kitivo cha maandalizi kwa mwaka mzima, akajifunza Kirusi, kisha akarudia hesabu na fizikia kwa lugha hiyo. China nayo huwataka wanaosoma kwa Kichina wapite kwanza mtihani wa lugha, na wengi hutumia mwaka mzima kujiandaa nao. Maana yake ni kwamba mgeni lazima aandaliwe kabla ya kupimwa.

Hebu tutazame mzigo ambao kijana wetu anaubeba. Amefundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, akahamia Kiingereza katika sekondari, na sasa anaambiwa ahesabu kwa lugha ya tatu. Amefika mwezi Septemba, na baridi inamfuata nyuma. Kufikia Desemba, mjini Moscow jua huchomoza karibu na saa 3 asubuhi, na saa 10 alasiri limekwisha kutua. Kijana aliyezoea mchana wa saa 12 huamka gizani na kutoka darasani gizani. Chakula ni kigeni na jirani hamjui. Mhadhiri huzungumza kwa saa moja, akataja vitabu, akaondoka. Hakuna wa kuandika ubaoni ili wengine wanakili. Akianguka katika majaribio ya kwanza huona aibu kuandika nyumbani, maana kule nyumbani yeye ni daktari tayari. Hapo ndipo wengine huvunjika, na hakuna anayejua mpaka mwaka umepita.

Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa vijana wa nchi maskini tu. Huko Marekani vipo vyuo vikuu, Northeastern cha Boston kikiwa kimoja wapo, vinavyowapeleka baadhi ya wanafunzi wapya nchi za nje katika muhula wao wa kwanza kabisa. Lakini kijana huyo wa Kimarekani huondoka na wenzake wa chuo kimoja, hukuta huko watumishi wa chuo chake wa kumwangalia, na muhula ukiisha hurudi kwao. Ikiwa tajiri anamwekea mwanawe ngazi na kamba, iweje sisi tumwachie wetu apande peke yake?

Sasa tuseme na watumishi wa umma. Jalada la mwanafunzi likilala mezani kwa wiki tatu likingoja sahihi, wiki hizo tatu hazikupotea ofisini, zimepotea darasani. Kijana hufika wenzake wamekwisha kujua kusoma alama za mabasi na kununua mkate, naye bado anaulizia bweni. Katika darasa la lugha, aliyechelewa wiki tatu hukimbia mwaka mzima akiwafuata wenziwe. Vivyo hivyo, fedha za kujikimu zikikawia, mtu wa kwanza kuumia ni mgeni, kwa kuwa hana bado rafiki wa kumkopesha. Mtumishi anayesema "njoo kesho" hajui kesho hiyo inalipwa na nani.

Na walimu wenzetu wa Kidato cha Tano na cha Sita wana wajibu mzito zaidi. Mwanafunzi anayelishwa muhtasari wa mwalimu miaka miwili, akaukariri, akapata daraja la kwanza, hajafundishwa kusoma, amefundishwa kujibu. Tumpe kitabu akisome mwenyewe na atueleze kilichomo. Tumfundishe kuuliza bila ya kuona haya, kupanga fedha za mwezi, kupika na kufua nguo zake. Hayo hayahitaji fungu jipya katika bajeti. Aidha, walimu waliopata kusoma ng'ambo wawasimulie wanafunzi ukweli, pamoja na siku walizolia, si picha za theluji peke yake.

Wazazi nao wajihadhari. Wapo mawakala wanaouza nafasi za vyuo kama wanavyouza mitumba, na mzazi huuza shamba kabla hajauliza kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Tume ya Vyuo Vikuu ipo kwa kazi hiyo. Iulizwe kwanza, fedha zitoke baadaye. Na kijana akifika ajiandikishe katika ubalozi wetu wiki ile ile. Mambo ya Wuhan mwaka 2020 na ya Ukraine mwaka 2022, ambako vijana wetu walikutwa na maradhi na vita, yalitufundisha kwamba asiyejulikana alipo ni vigumu kumsaidia.

Wapo wanaosema dawa ni kuzuia kabisa masomo ya shahada ya kwanza ng'ambo. Hoja yao ina uzito. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa na umri wa miaka 27, amekwisha kupita Makerere na kufundisha Tabora. Alikwenda akiwa mtu mzima anayejua anachokitafuta. Leo tunavyo vyuo vikuu vingi, na somo linalofundishwa vizuri hapa nyumbani halina sababu ya kufuatwa mbali na kijana asiye tayari. Hata hivyo yapo masomo ambayo nafasi zake hapa ni chache, na nchi rafiki hutupa ufadhili. Kuzikataa nafasi hizo ni kujinyima. Tunachosema ni kwamba aende aliyeandaliwa, na asiyeandaliwa aanzie nyumbani bila ya kuona kwamba amedharauliwa.

Wahenga walisema msafiri kafiri, wakimhurumia kwa taabu za njiani. Taabu hatuwezi kuziondoa zote. Lakini ile inayotokana na jalada lililolala, na darasa lililokaririsha badala ya kufundisha, si taabu ya safari. Ni taabu tuliyomfungia sisi wenyewe katika mizigo yake. Tuifungue kabla hajapanda ndege.