Tusipake Rangi Juu ya Kutu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi na kuisahihisha kwa wino mwekundu katika insha nyingi. Hata hivyo, nakiri kwamba maana yake halisi sikuifahamu mpaka siku niliponunua gari kuukuu la spoti na kujaribu kulifufua nyuma ya nyumba yangu. Wasomaji, na hasa walimu wenzangu, wataniwia radhi iwapo safu hii leo itanuka grisi. Jambo ninalotaka kulisema linawahusu kuliko wanavyodhani.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1996, yenye milango miwili na injini ya silinda nne. Jina hilo si geni kwa Mkenya aliyewahi kusimama kando ya barabara akingoja vumbi la Safari Rally. Magari ya Celica yalishinda mashindano hayo mara nane: 1984, 1985, 1986, 1990, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Mwaka 1994 aliyekuwa usukanini alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Langu halikuwa gari la mashindano. Yale ya miaka ya tisini yaliendeshwa kwa magurudumu yote manne, ilhali hili huvutwa na yale mawili ya mbele tu. Lakini moyo ukipenda hauulizi maswali, nami nilinunua jina pamoja na gari.

Mita ilionyesha kilomita 148,000. Kwa gari la umri huo, hizo zilikuwa chache mno, nami badala ya kutilia shaka nikafurahi. Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane. Kwa hiyo Celica ya mwaka huo imekuwa katika barabara zetu kwa muda mrefu na kupitia mikono mingi. Miezi baadaye, nilipokuwa nikisafisha ukingo wa mlango, nilikuta karatasi ndogo iliyofifia, ya aina ile ambayo gereji hubandika baada ya kubadilisha mafuta ya injini. Iliandikwa kilomita 263,000. Mtu fulani, simjui ni yupi kati ya wengi, alikuwa ameirudisha mita nyuma.

Nisimlaumu mtu huyo kabla ya kujilaumu mwenyewe. Fedha za kwanza nilizotumia juu ya gari lile zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye rangi nyekundu. Za pili zikanunua rimu pana zinazometameta. Za tatu zikalipa ekzosi yenye mngurumo wa kuamsha mtaa, na fundi mmoja akanikatia springi ili gari liiname kama chui anayenyemelea. Majirani walisifu, na wanafunzi wangu wakapiga mbinja langoni. Naam, nilikuwa nimeutengeneza mkakasi wangu.

Jumamosi moja nilimchukua mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, tukaelekea Naivasha kupitia mteremko wa Mai Mahiu. Kila anayeijua barabara ile anajua jinsi inavyoporomoka ukingoni mwa Bonde la Ufa, ukuta wa mwamba upande mmoja na shimo upande wa pili. Tulikuwa tumekaribia lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 nilipokanyaga breki na kuhisi pedali ikizama kama mguu uliokanyaga tope. Nilikanyaga tena; ikazama tena. Mbele yetu palikuwa na lori. Niliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikalia kwa uchungu; nikavuta breki ya mkono na kulisukuma gari kando hadi likakwaruza ukingo na kusimama. Hakuna aliyeumia. Tulikaa kimya kwa muda mrefu, tukinusa harufu ya breki zilizoungua. Kisha kijana akaniuliza kwa upole, bila kejeli, "Mjomba, mbona tulianza na rangi?"

Swali lile sikuweza kulijibu siku ile. Nalijibu leo.

Kilichotokea pale si muujiza wala mkosi. Ni fizikia ya kidato. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka kabla ya joto la nyuzi 230 za selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi kama nyuzi 155. Mteremkoni breki hushika moto, mafuta hayo mazee huchemka na kugeuka mvuke. Majimaji hayagandamiziki, mvuke hugandamizika. Nguvu ya mguu huishia kuubana mvuke badala ya kuyabana magurudumu. Aidha, nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: anayetoka kilomita 50 kwa saa hadi 100 hajazipa breki zake kazi maradufu, bali mara nne. Basi yeyote anayeongeza kasi ya gari kabla ya kuongeza uwezo wake wa kusimama anakopa deni ambalo huenda likalipwa na mwingine.

Gari liliburutwa hadi nyumbani, nasi tukaanza upya. Safari hii tulikubaliana sharti moja: hakuna kitu kitakachofungwa ambacho hakijapimwa. Tuliliinua kwa jeki na kuliegemeza juu ya stendi imara za chuma, kwa maana mtu mwenye akili haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mipira ya breki ilikuwa na nyufa, tuliiondoa yote. Diski zilikuwa zimekonda chini ya kipimo kilichochorwa juu ya chuma chenyewe. Tukazibadilisha pamoja na padi zake, tukatia mafuta mapya na kutoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, kijana akikanyaga pedali nami nikifungua na kufunga skrubu.

Kisha tukaijia injini. Kwa kipima mgandamizo tulipata pauni 165 kwa inchi ya mraba katika silinda ya kwanza, 160 katika ya pili, 115 katika ya tatu, na 160 katika ya nne. Silinda ya tatu ilikuwa mgonjwa, lakini mgonjwa wa nini? Tulimimina kijiko cha mafuta ya injini ndani yake na kupima tena. Laiti kipimo kingalipanda, ringi za pistoni ndizo zingalikuwa na lawama, kwa kuwa mafuta huziba nafasi iliyoachwa na ringi zilizolika. Hakikupanda. Basi hewa ilikuwa ikitorokea juu. Tulipofungua kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, tulikuta vali ya kutolea moshi imeungua ukingoni, kama ukucha uliomegeka. Sijapata kumwona mwanafunzi akitabasamu kwa jibu sahihi la mtihani kama alivyotabasamu mpwa wangu mbele ya kipande kile cha chuma. Alikuwa amekisia, akapima, na ukweli ukamthibitishia.

Vali mpya ilinunuliwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mahali ambapo wengi wangali wakipaita Grogan. Silinda hedi tuliipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kuisawazisha, kwa sababu kazi ya nyumbani ina mipaka yake na heshima ni kuijua mipaka hiyo. Mkanda wa taimingi, ambao katika injini hii huizungusha pia pampu ya maji, tuliubadilisha pamoja na pampu yenyewe. Bushi za raba zilizokuwa zimelika tukazing'oa zote.

Mwisho tukaifikia rangi yangu nyekundu. Chini ya milango ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Tulipoikwangua, bisibisi ilipenya hadi ndani. Chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu, na rangi inayopakwa juu ya kutu haiiui. Huificha tu, nayo ikaendelea kula kimyakimya. Ilibidi kukata bati lote bovu, kuchomelea jipya, kupaka dawa ya kuzuia kutu, ndipo rangi ifuate. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliupaka ufa rangi, na ukuta nikaujenga vilevile.

Je, nataka kusema kwamba kulirembesha gari ni upuuzi? La hasha! Mtu ana haki ya kulipa gari lake sura ya moyo wake. Ninachopinga ni mpango uliopinduliwa. Chukua mfano wa springi. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi ikikatwa miwili, ugumu wake huongezeka kwa thuluthi moja, na nafasi yake ya kunywea hupungua. Gari huonekana la kasi, lakini magurudumu hurukaruka juu ya mashimo badala ya kuishika barabara. Tuliweka springi kamili, fupi kidogo kuliko za awali, zilizoundwa kwa gari hilo, pamoja na shoku zinazolingana nazo. Ekzosi ya kelele tuliiondoa. Rimu pana tuliziuza, tukazisafisha zile za zamani. Viti tukavishonea ngozi ya rangi ya kahawia, na huo ndio urembo wetu mkubwa. Gari halipigiwi tena mbinja langoni, lakini linasimama linapoamriwa.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mtu mwenye fedha za kuchezea, na kwamba kwa gharama ile ningalinunua gari lenye umri mdogo. Hoja hiyo ina uzito, nami sidai kwamba nilipata faida sokoni. Lakini gari jipya lisingenifundisha kumwuliza fundi swali la maana, wala lisingempa kijana wa kidato cha tatu nafasi ya kuigusa kanuni aliyokuwa akiikariri.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu. Mita iliyorudishwa nyuma ina tofauti gani na alama iliyopatikana kwa wizi wa mtihani? Zote ni nambari nzuri nyuma ya kioo. Zote humfurahisha anayezitazama. Wala hazibadilishi chochote ndani ya injini, na mteremko ukifika hazisaidii. Sisi nasi tunapomkaririsha mwanafunzi majibu ili shule ing'are katika orodha, hata bila wizi wowote, tunapaka rangi juu ya kutu. Tunajua silinda ya tatu haina mgandamizo, lakini mgeni yuko langoni na gari lazima limetemete.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na ahadi ya kazi za mikono. Masomo mengi ya aina hiyo yalipunguzwa baadaye. Shule nyingi hazikuwa na vyombo, na mtihani ukameza nafasi iliyobaki. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umerudi na ahadi inayofanana nayo. Ahadi haitatimia kwa karatasi. Basi napendekeza jambo dogo lisilohitaji kamati. Katika shule nyingi lipo gari bovu, basi au pikapu, lililolala nyuma ya jikoni, kuku wakitagia ndani yake. Litolewe humo. Lisafishwe, lipandishwe juu ya mawe imara, na mwalimu mmoja aalike fundi wa jua kali kwa asubuhi moja kila wiki. Mwalimu wa fizikia apate breki na springi, wa kemia apate kutu na betri, wa hisabati apate vipimo. Nasi wa Kiswahili tuwatume wanafunzi kwa mafundi wakayakusanye majina ya vipuri, kwani mafundi wameyasema kwa lugha yetu miaka mingi huku sisi tukiendelea kubishana juu ya istilahi. Hata gari hilo lisipowaka tena, halitakuwa limetaga mayai tu.

Nanyi wanafunzi, mnaoota magari yenye mngurumo, endeleeni kuota. Ila siku mtakapolipata, ulizeni kwanza limetembea kilomita ngapi za kweli, na litasimama vipi.

Mwezi uliopita tuliushuka tena mteremko wa Mai Mahiu, safari hii mpwa wangu akiwa usukanini na leseni yake mfukoni. Alishuka kwa gia ya tatu, akigusa breki kwa nadra. Tulipolipita kanisa lile dogo hakusema neno. Alikanyaga pedali kidogo, bila haja, akaihisi iko imara chini ya mguu wake, akaendelea na safari.