FEDHA ZA UTAFITI: SHERIA IPO, SHILINGI ZI WAPI?



Sisi wa reli hapa Voi twajua: njia hupimwa na fundi wa njia, si na mteule wa bwana mkubwa. Lakini Agosti 2025 Rais wa Marekani aliamuru wateule wa siasa wapitie maombi ya fedha za utafiti. Maoni ya wataalamu yawe ushauri tu. Watafiti wengi wa Kenya wametegemea fedha za huko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwetu, sheria ya 2013 iliuahidi Mfuko wa Taifa wa Utafiti shilingi 2 katika kila 100 za pato la nchi. Hazijafika. Ndovu wa Tsavo wala mashamba yetu, ukame wamaliza ng'ombe. Dawa yake itafutwe kwa maneno matupu?

Twasema: Serikali ilipe, na wataalamu waamue!