Kioo cha Kompyuta Kikigeuka Njano, Msiharakishe Kukitupa

Katika steshenari za Katesh, Mbulu mjini, Dongobesh na Haydom, kioo cha kompyuta kikianza kuonyesha rangi za ajabu hukumu hutolewa haraka: kimekufa. Karatasi nyeupe imegeuka njano, nyuso za watu zimeingia ukijani, na mwenye duka ameshaanza kupiga hesabu ya nauli ya Babati au Arusha kufuata kingine. Haraka hiyo inawagharimu watu bure. Kioo ndicho kingepaswa kushukiwa mwisho.

Kompyuta za mezani zilizonunuliwa mtumba bado zinafanya kazi nyingi katika wilaya za Hanang na Mbulu, na vioo vyake huunganishwa kwa kebo ya VGA, iliyoletwa sokoni na IBM mwaka 1987. Kichwa cha kebo hiyo kina nafasi 15 za pini katika safu tatu. Rangi hupita kwenye pini tatu tu: namba 1 hubeba nyekundu, namba 2 kijani, namba 3 bluu. Rangi nyingine zote jicho huzipata kwa mchanganyiko wa hizo. Pini moja ikipinda, au waya wake ukikatika ndani baada ya meza kusogezwa mara nyingi wakati wa kufagia vumbi la kiangazi, rangi moja hupotea kabisa na mbili zilizobaki hutawala kioo kizima.

Ni rangi gani iliyopotea? Mtanzania hahitaji programu yoyote kujua. Afungue picha ya bendera ya Taifa. Ikiwa bluu ndiyo haifiki, pembetatu ya chini hugeuka kijani, na bendera huwa na kijani pande zote mbili. Nyekundu ikikatika, mistari ya njano inayopakana na mweusi huwa kijani, kwa sababu kioo hutengeneza njano kwa kuchanganya nyekundu na kijani. Kijani ikikosekana, mistari hiyohiyo huwa myekundu, na pembetatu ya juu hufifia ikakaribia weusi. Kila waya una alama yake, na bendera huionyesha mara moja.

Hasara kubwa haiko kwenye bei ya kioo. Iko kwenye kazi za wateja. Mzazi wa Katesh amempeleka mwanawe kupiga picha ya pasipoti, na kioo cha steshenari hakipati nyekundu. Kijana anayehariri anaona uso umekuwa wa kijani. Anaongeza wekundu, kioo hakibadiliki, maana waya wa nyekundu umekatika. Anaongeza tena. Printa haipitii kebo ile, kwa hiyo inatoa kila alichokiongeza, na mtoto anatoka na uso mwekundu kama aliyebabuka. Picha ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Wino umeisha, karatasi zimetupwa, na lawama anatupiwa mwuza wino.

Maabara inayotumia darubini yenye kamera ina sababu kubwa zaidi ya kuwa makini. Kwa njia ya Ziehl-Neelsen, vimelea vya kifua kikuu huonekana vyekundu juu ya bluu. Kioo kisichoonyesha nyekundu hakifai kukaa hata siku moja mbele ya anayevitafuta.

Kebo pia isihukumiwe bila kupimwa. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina mpangilio wa mwanga wa usiku, unaofanya kioo kizima kiwe na rangi ya joto kuelekea njano, na mtu anaweza kuuwasha bila kujua. Huo huzimwa kwenye mipangilio ya kompyuta, bila fundi. Kisha ifunguliwe menyu ya kioo chenyewe, ile inayotokea kwa vitufe vya pembeni. Picha ikiwa imeharibika lakini menyu ina rangi zake sahihi, kioo ni kizima na ubovu uko kwenye kebo au kwenye kompyuta. Hapo iazimwe kebo ya jirani. Rangi zikirudi, kazi imekwisha.

Vioo vinavyozeeka kweli vipo. Vile bapa vya zamani humulikwa na taa nyembamba zenye zebaki ndani. Zikichoka, weupe wote hufifia na kuelekea wekundu au njano. Hata hivyo zebaki hiyo ni sababu nyingine ya kutovitupa ovyo kwenye majalala ya mji.

Halmashauri tatu za eneo hili, ya Wilaya ya Hanang, ya Wilaya ya Mbulu na ya Mji wa Mbulu, zina shule na ofisi zenye kompyuta. Kabla ya kioo chochote kufutwa kwenye daftari la mali, iandikwe kwamba kimejaribiwa kwa kebo nyingine na nani alikijaribu. Walimu wa kompyuta waoneshwe jambo hili kwa vitendo, kebo ikiwa mkononi. Pini iliyopinda hunyooshwa taratibu kwa kibano chembamba, kompyuta ikiwa imezimwa. Atakayeichomoa kebo kwa mara ya kwanza asishtuke akikuta nafasi moja tupu katika safu ya kati: kebo nyingi hutoka kiwandani bila pini namba 9, na hakuna rangi inayopita hapo.