Anayemkamua ng'ombe naye apumzike

Kwenye mazizi ya Kiambu au Tanga, mkamuaji huwa kazini kabla jua halijachomoza. Huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, hukamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili aone kama ina mabonge ya ugonjwa wa kiwele, kisha hukata majani, huzoa samadi, na jioni hukamua tena. Ndiye wa kwanza kujua ng'ombe yupi kasusa chakula na yupi yuko kwenye joto. Hata hivyo, waajiri wengi humhesabu kuwa mikono tu. Kama anawapenda ng'ombe au amewachoka, hilo wanaliona lake mwenyewe. Nasema hapo ndipo maziwa yanapopotelea.

Ng'ombe akishikwa kwa utulivu, mwili wake hutoa oksitosini, homoni inayoshusha maziwa kwa dakika chache tu. Akitishwa kwa kelele na fimbo, adrenalini huizuia, maziwa yakabaki kiweleni. Nchini Australia, Paul Hemsworth na wenzake walichunguza mashamba ya maziwa wakaona kuwa ng'ombe wanaomwogopa binadamu hutoa maziwa machache, na kwamba woga huo unahusiana na mtazamo wa wahudumu wao. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliripoti kuwa mashamba yanayowaita ng'ombe kwa majina yalipata lita 258 zaidi kwa kila ng'ombe kwa mwaka. Wanaopinga wana haki kusema kuwa jina halijazi ndoo. Lakini anayewapa ng'ombe majina kwa kawaida anawajua mmoja mmoja, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Watasema pia kuwa mapenzi hayanunuliwi kwa mshahara. Kweli, ila uvumilivu huisha. Mtu anayelala kando ya zizi mwezi mzima bila mapumziko, huku mshahara ukicheleweshwa, ataanza kuwapigia kelele hata ng'ombe aliowalea tangu wakiwa ndama. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Mwenye ng'ombe wawili atauliza mkamuaji wa pili wa siku hiyo atamlipa kwa kitu gani, tena ng'ombe humzuilia mgeni maziwa. Lakini majirani watatu wanaweza kumwajiri mkamuaji huyo mmoja kwa pamoja, akaanza kwa kuwalisha ng'ombe siku kadhaa akiwa na mkamuaji waliyemzoea, kabla hajashika chuchu.