Tamthiliya Ichezwe Kwanza: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: KUFUNDISHA SANAA ZA MAONYESHO NA HISTORIA YAKE

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Muulize mwanafunzi wangu dhamira za Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, atazimwaga bila kusita: uzembe kazini, ulevi, nafasi ya mwanamke. Muulize jinsi Mzee Mitomingi, katika tamthiliya hiyo, anavyozichoma karatasi za sensa, kwa hasira au kwa utulivu, atakukodolea macho. Swali hilo halimo kwenye mitihani, kwa hiyo halimo kichwani.

Siku moja tulisukuma madawati ukutani, tukaicheza sehemu hiyo. Moto ulikuwa sufuria tupu katikati ya darasa. Mitomingi wa kwanza alifoka na kutupa karatasi zote kwa mkupuo, wenzake wakacheka. Wa pili alizitumbukiza mojamoja, kimya, akimtazama Ngoswe. Hakuna aliyecheka. Ubishi ukazuka: mwenye kosa ni aliyechoma, au ni Ngoswe, mtumishi wa serikali aliyeacha kazi akafuata mapenzi? Dhamira ya uzembe waliifikia wenyewe, bila mimi kuiandika ubaoni.

Historia ya sanaa za maonyesho nayo inafundishika hivyohivyo. Huku Mtwara, mtoto wa Kimakonde anayajua mapiko: kinyago cha mti mwepesi kinachovikwa kichwa kizima, mchezaji akichungulia kupitia mdomo wake. Mwambie mtoto huyo kwamba Athens, karne ya tano kabla ya Kristo, waigizaji watatu, wote wanaume, waligawana nafasi zote za tamthiliya ya Sophocles kwa kubadilisha vinyago. Mwambie kwamba katika noh, tamthiliya ya jadi ya Japani, mwigizaji akiinamisha kinyago kidogo uso hujaa huzuni, akikiinua hung'aa, na kinyago ni kilekile. Kisha mpe kinyago ajaribu. Hapo hatahitaji kukariri kwamba sanaa za maonyesho zililetwa na mkoloni au hazikuletwa; atakuwa na cha kulinganisha.

Malighafi ya somo hilo tunayo kwa Kiswahili. Samuel Mushi alitutafsiria Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode mwaka 1971. Mwalimu Nyerere alitafsiri Mabepari wa Venisi. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile mwaka 1969 kwa kufuata kwa kiasi kikubwa umbo la tamthiliya ya Ulaya, kisha katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi akaligeukia jukwaa la mtambaji wa hadithi. Mwanafunzi akiviweka vitabu hivyo pamoja ataona kwamba waandishi wetu hawakupokea tu. Walichagua, wakakataa, wakachanganya.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba mambo matatu. Kwanza, muhtasari wa Kiswahili udai kila darasa linalosoma tamthiliya liigize walau onyesho moja, na uigizaji huo uwe na alama katika tathmini endelevu. Kisichokuwa na alama hakipati kipindi. Pili, iandaliwe mada fupi ya ulinganishi, ianze na ngoma, jando na utambaji wa mahali shule ilipo, ndipo ivuke kwenda Ugiriki, Japani na Uingereza. Tatu, walimu wa fasihi wapate mafunzo kazini kwa kushirikiana na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuchambua, hatukufundishwa kuongoza igizo.

Najua madarasa yamefurika na vipindi havitoshi. Lakini onyesho la dakika kumi halihitaji ukumbi wala mavazi ya kukodi, na kundi la watazamaji sabini ni neema kwa mwigizaji yeyote. Kinachokosekana ni maelekezo ya kumlinda mwalimu anayesukuma madawati, asionekane anapoteza muda wa mtihani. Maelekezo hayo yako ndani ya uwezo wa ofisi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Mtwara